Akili mnemba imechukua kazi za kujifunzia: mbunifu kijana akapate wapi uzoefu?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniletea mchoro wa khanga alioutoa kwenye programu ya akili mnemba. Kwenye simu ulipendeza kweli. Mji, yaani sehemu ya katikati, umejaa korosho za rangi ya machungwa, pindo la buluu, na chini yake maneno: "Furaha ni chaguo lako". Nikamuuliza mambo mawili tu. Khanga hii ina rangi ngapi? Na nani atainunua, amvalie nani? La kwanza hakulijua. La pili alilicheka, akidhani natania.

Ninafundisha ubunifu wa michoro chuoni, na wazazi wananiuliza kila muhula kama bado kuna haja ya kumlipia mtoto ada ya kozi hii. Wasiwasi wao siubezi. Katika mwaka mmoja tu, 2022, DALL-E 2, programu ya kuchora picha kutokana na maneno, ilitangazwa mwezi Aprili, nyingine ya aina hiyo, Midjourney, ikafunguliwa kwa watu wote Julai, na Stable Diffusion ikafuata Agosti. Mwaka 2023 kampuni ya Adobe ikaingiza uwezo huohuo ndani ya Photoshop, programu ambayo dizaina wa mjini anaifungua kabla hajanywa chai. Huwa nawajibu wazazi kwamba fani haijafa, ila ngazi yake ya kwanza imevunjika, na anayeanza ndiye anayeumia.

Ngazi hiyo ilikuwaje? Kijana akimaliza masomo aliingia kwenye duka la kuchapa, tuseme Kariakoo, akapewa kazi ambazo fundi mkubwa hazitaki. Kumkata bibi harusi kwenye picha ili awekwe kwenye mandhari nyingine. Kuchora upya nembo iliyopigwa picha ya simu, tena yenye ukungu. Kupanga majina ya wanakamati kwenye kadi za mchango. Kulibadili bango moja kuwa kipeperushi, stika na fulana. Kazi za kuchosha, malipo kiduchu, lakini humo ndimo jicho lilimofunguka. Baada ya kadi elfu moja, kijana alijua bila kuambiwa kwamba herufi nyembamba nyeupe juu ya wino mzito hufifia, na kwamba kijani kinachong'aa kwenye skrini hutoka kimepooza kwenye karatasi, kwa sababu skrini inachanganya mwanga na mashine ya kuchapia inachanganya wino. Alijua pia kuacha milimita 3 kila upande za kukatia. (Mimi nililijua hilo baada ya kadi 300 kutoka zikiwa zimekatwa herufi ya mwisho ya jina la bwana harusi. Nililipa kutoka mfukoni.)

Leo karibu kazi zote hizo mashine ya akili mnemba inazifanya kwa sekunde chache, na mwenye duka haoni sababu ya kumweka mwanagenzi. Shida ni kwamba anayetakiwa kuikagua kazi ya mashine ni mtu mwenye jicho lilelile lililofunguliwa na kazi hizo.

Turudi kwenye khanga. DALL-E 2, kwa mfano, ilitoa picha ya nukta 1024 kwa 1024. Ukichapa kwa kiwango cha kawaida cha nukta 300 kwa inchi, hiyo ni picha yenye upana usiofika sentimita 9. Ukiitandaza kwenye kitambaa cha sentimita 150, unabaki na nukta 17 hivi kwa kila inchi, yaani vipande vya mraba unavyoweza kuvihesabu. Ziko programu za kukuza picha, lakini haziondoi tatizo kubwa zaidi, nalo ni rangi. Kwenye uchapaji wa skrini (si ya kompyuta, bali wavu unaopitisha wino) kila rangi ina skrini yake na gharama yake, ndiyo maana khanga huwa na rangi chache zilizokoza. Mchoro wa mwanafunzi wangu ulikuwa na maelfu ya vivuli vinavyoyeyukiana. Kuugeuza uwe rangi 3 ni kuamua upya kila kitu: korosho ipi ibaki, mstari upi unene, weupe wa kitambaa upumue wapi. Uamuzi huo ndio ubunifu wenyewe, na hakuna aliyekuwa ameufanya.

Kisha jina, yaani yale maneno ya chini. "Furaha ni chaguo lako" ni Kiswahili sanifu kisicho na kosa la sarufi, na hakuna mwanamke wa pwani atakayeitolea pesa. Maneno ya khanga yana mlengwa: wifi, mke mwenza, jirani mwenye mdomo, mama mzazi, mume. "Hasidi hana sababu" haihitaji maelezo. Ukiivaa ukapita uani, aliyekusudiwa ameshaipata. Mashine imelishwa maandishi mengi ya Kiingereza kuliko ya kwetu, hivyo hutoa nasaha za jumla, za kumfaa kila mtu na zisizomgusa yeyote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza hauanzi na orodha ya programu za kujifunza. Programu utazijua, na nusu yake zitabadilika kabla hujahitimu. Tafuta pale ambapo kazi inageuka kuwa kitu cha kushikika, ukae hapo hata miezi mitatu, hata bila cheo: kwa mchapaji wa fulana, kwa mchora mabango, kwa muuza vitambaa. Uliza kwa nini kazi fulani imerudishwa. Kazi zilizorudishwa zitakufundisha kuliko zilizosifiwa.

Mashine itumie, usijinyime. Mimi huitumia mwanzoni, kumwonyesha mteja mielekeo kumi ya haraka ili aseme asichokitaka, maana wateja wengi hujua wasichokitaka kwanza. Nembo ya mwisho naichora mwenyewe, na sababu si majivuno. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikilinda kitabu kimoja cha katuni kwa maandishi na mpangilio wake, ikakataa kuzilinda picha zake zilizotolewa na Midjourney, kwa kuwa hazikuwa kazi ya mkono wa mtu. Hiyo ni sheria yao, lakini mteja anayeota kuuza bidhaa nje ana haki ya kujua kama nembo aliyoilipia ni yake kweli. Mwambie mapema. Na picha za maharusi za mteja usizipakie ovyo kwenye programu za bure. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na uso wa mtu si malighafi yako.

Unapoomba kazi, usipeleke picha nzuri tu. Picha nzuri sasa kila mtu anazo. Peleka rasimu ulizozitupa na sababu ya kuzitupa, picha ya kitu kilivyotoka mashineni, na kosa ulilolirekebisha. Mimi nikikaa kwenye usaili ndizo kurasa ninazozisoma.

Yule mwanafunzi sikumpa alama siku ile. Nilimtuma akakae siku nzima kwenye duka la khanga, bila kompyuta, aandike kila doti iliyouzwa na aliyeinunua. Alirudi na kurasa nne za daftari. Kwenye ya kwanza alikuwa amepigia mstari jambo moja: wanawake wengi walipokabidhiwa khanga hawakuutazama mji kwanza, waliigeuza wakatafuta jina.