"Mzee hapasuliwi", na mengine tunayoambiana kando ya kitanda cha mgonjwa

Bibi yangu aliteleza mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, akipeleka majani kwa ng'ombe kule Kibosho. Alianguka kwa ubavu. Tulipomlaza, mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia nje na kuonekana mfupi kuliko mwenzake. Leo najua kwamba hiyo ni dalili ya wazi ya nyonga iliyovunjika, lakini siku ile hatukujua. Wajomba walikaa, wakanywa chai, wakaamua kwamba mzee wa umri ule hapasuliwi, atafia mezani. Akalazwa chumba cha nyuma kwa dawa za maumivu na mtori. Wiki ya tano kifua kikaanza kukoroma. Wiki ya saba tulimzika.

Walimpenda, na waliamua kwa walichokijua. Nimeanza naye kwa sababu nyumba nyingi za Moshi na Arusha bado zinaamua hivyohivyo, na kati ya dhana zote kuhusu mifupa, sijaona nyingine inayozika watu kama hii.

"Mzee hapasuliwi, atafia mezani"

Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi anauawa na kitanda. Akilala chali siku baada ya siku, makohozi yanatuama kifuani na nimonia inaingia. Damu inaganda kwenye mishipa ya miguu, na bonge likichomoka linaweza kwenda hadi kwenye mapafu. Ngozi ya kiunoni na visigino inachubuka, kisha inaoza. Operesheni ya nyonga inafanywa ili mgonjwa akalishwe na kusimamishwa mapema, ikiwezekana kesho yake, apumue na kukohoa vizuri. Mfupa kuonekana umenyooka kwenye picha ya eksirei ni jambo la pili.

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao HIP ATTACK, uliofanyika katika hospitali 69 za nchi 17 kwa wagonjwa 2,970 waliovunjika nyonga, wengi wao wazee. Kundi moja lilipasuliwa takribani saa 6 baada ya kugundulika, jingine takribani saa 24. Baada ya siku 90, asilimia 9 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki, na asilimia 10 ya kundi la pili. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema kwamba haraka peke yake iliokoa maisha. Hata hivyo, waliowahishwa walisimama mapema, wachache zaidi kati yao walichanganyikiwa akili, na walirudi nyumbani mapema. Ninachokitazama zaidi ni kwamba makundi yote mawili yalipangiwa operesheni. Watafiti walikuwa wanabishania saa. Sisi tulikuwa tunabishana kama apelekwe au asipelekwe.

Ni kweli kwamba presha, sukari na moyo huongeza hatari ya operesheni, na daktari wa usingizi lazima aambiwe yote. Lakini hatari hiyo ipimwe dhidi ya hatari ya kulala miezi mitatu bila kugeuka. Familia nyingi huipima dhidi ya bibi yule wa wiki iliyopita, aliyekuwa anachuma maharage shambani, na bibi yule hayupo tena.

"Funga banzi, ukaze sawasawa"

Banzi lenyewe si kosa. Mfupa uliovunjika unahitaji kutulizwa, hata kwa ubao na kanga, kabla ya kupanda gari. Kosa ni kukaza. Mguu uliovunjika unavimba ndani ya saa chache, na banzi likikataa kulegea, damu haipiti. Hogo la hospitalini, yaani plasta ngumu, nalo linaweza kubana vilevile. Vidole vikiwa vya baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, na maumivu yakizidi badala ya kupungua, usisubiri kupambazuke: fungua, nenda hospitali. Misuli iliyokosa damu kwa saa kadhaa hairudi, na mguu huo unaweza kuishia kukatwa.

"Kidonda kikubwa kinataka dawa kali"

Ajali za bodaboda zinatuletea mifupa iliyotokeza nje ya ngozi, hasa muundi, mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, ambao mbele umefunikwa na ngozi tu. Watu humwagia spiriti, sabuni ya unga, chochote kinachouma, wakiamini kinachouma ndicho kinachoua wadudu. Hata madaktari waliwahi kuamini kwamba sabuni na maji yenye msukumo mkubwa vingesafisha vizuri zaidi. Utafiti uitwao FLOW, wa mwaka 2015, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 2,400 wenye mivunjiko ya namna hii. Waliooshwa kwa sabuni walirudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi, asilimia 14.8 dhidi ya 11.6 ya waliooshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali. Nguvu ya msukumo haikuleta tofauti. Kwa hiyo barabarani funika kidonda kwa kitambaa safi, tuliza mguu, wahi hospitali. Antibayotiki ya mishipa inayotolewa mapema ina maana kubwa kuliko chochote ulichonacho kabatini.

Kuna utafiti mwingine naupenda kwa sababu wagonjwa wake ni wa kwetu. Katika Taasisi ya Mifupa ya MOI, Dar es Salaam, wagonjwa 240 waliovunjika muundi wenye kidonda waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine fimbo ya chuma ndani ya mfupa, wengine vyuma vya nje, vile vinavyoitwa antena. Baada ya mwaka mmoja, vifo na kurudiwa kwa operesheni havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Wenye fimbo walikuwa na hali nzuri zaidi wiki za mwanzo, na mifupa yao haikupinda sana. Kwa hiyo ndugu yako akiwekewa antena, usiseme amewekewa ya maskini.

"Chuma kikishaingia, umepona"

Hapa kosa linageuka. Baada ya kukiogopa kisu, tunakiamini kupita kiasi. Chuma kinashikilia tu, na mfupa ndio unaounga. Chuma kinachobebeshwa mzigo miezi mingi huku mfupa haujaunga kinachoka, kisha kinakatika, kama waya unaoukunja na kuukunjua.

Kinyume chake pia ni dhana: mwezi wa tatu picha haionyeshi mfupa umeshikana, basi operesheni imeshindwa, turudie. Utafiti wa SPRINT, uliochapishwa mwaka 2008, ulifuatilia wagonjwa 1,226 wa muundi waliowekewa fimbo, na madaktari wakazuiwa kurudia operesheni kwa sababu ya kuchelewa kuunga kabla ya miezi 6. Waliohitaji kubadilishiwa fimbo au kupandikizwa mfupa kwa sababu haukuunga walikuwa 57 tu. Usaha, homa au maumivu yanayoongezeka ni habari nyingine, hayo hayasubiri. Na kama mgonjwa anavuta sigara, aache, maana moshi unachelewesha mfupa kuunga. Supu ya makongoro anywe akipenda, ila dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi kuliko supu hiyo.

"Ute wa goti umeisha"

Hili nalisikia kila ninapokaa na kina mama sokoni, na dawa yake ni maji ya bamia. Ute wa bamia unameng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote, hauna njia ya kufika gotini. Ute wa goti unatengenezwa na utando wa ndani ya goti lenyewe, na goti lililosagika mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana linavimba. Kinacholika ni gegedu, ule utando mgumu laini unaofunika ncha za mifupa gotini.

Wengine wanaamini goti likitobolewa na kusafishwa litapona. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika. Baadhi walisafishwa goti kwa kamera, wengine walichanjwa ngozi tu wakaamini wamesafishwa. Walioigiziwa hawakuwa na hali mbaya kuliko waliofanyiwa kweli. Nimeona familia zikiuza ng'ombe kwa jambo la namna hii, na inaniuma. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito vina ushahidi bora, na haviuzi ng'ombe.

Goti likisagika kabisa, kubadilishwa kunasaidia wengi. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti bandia 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Lakini kabla ya kusaini, mama wa kijijini amwulize daktari swali la maisha yake: nitaweza kuchuchumaa? Wengi baada ya goti bandia hawachuchumai hadi chini, kwa hiyo fundi aitwe mapema, atengeneze kiti cha mbao chenye tundu kwa ajili ya choo cha shimo.