Ua la chumbani haliwamalizii watoto hewa

Mwezi wa saba Tukuyu, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, baridi haina huruma. Jioni moja nilifika kwa shangazi nikamkuta anakokota nje ndoo ya maua iliyokuwa chumbani kwa wajukuu.

"Shikamoo shangazi. Maua yamekosa nini?"

"Marahaba mwanangu. Usiku yanavuta hewa, watoto watakosa."

Kisha akaingiza jiko la mkaa, watoto waote moto mpaka wapate usingizi, akafunga na dirisha.

Jiko lile nililitoa kabla sijakaa. Nimesomea mimea, na hofu hii ya maua nimeisikia kwa watu wengi, wakiwemo waliosoma. Ni kweli usiku mmea huvuta oksijeni kama sisi, ila kidogo mno. Mtoto aliyelala kitanda kimoja na mwenzake humpunguzia hewa kuliko ndoo kumi za maua. Wa kuogopwa ni mkaa. Ukiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hahisi kukabwa. Kichwa kinakuwa kizito, usingizi unamchukua, basi.

Kesho yake nikashuka na wajukuu kijitoni, chini ya migomba. Tukachuma mmea unaoota ndani ya maji, tukakata shina lake, tukautumbukiza kichwa chini kwenye chupa ya kioo iliyojaa maji, tukaiweka dirishani penye jua. Baada ya muda vipovu vikaanza kutoka pale tulipokata, kimoja kimoja, vikifuatana kama shanga kwenye uzi. Wingu likashuka kutoka mlima Rungwe, vipovu vikapungua. Tukaifunika chupa kwa kanga, vikakoma. Mwaka 1779 mwanasayansi Mholanzi Jan Ingenhousz alieleza jambo hilihili: mmea hutoa hewa njema, yaani oksijeni, kwenye mwanga tu, tena kwa sehemu zake za kijani.

Yule mkubwa akauliza hewa hiyo inatoka wapi. Swali zuri sana, maana wengi hujibu kwamba jani linaichuja kutoka kwenye hewa chafu. Sivyo. Jani hutumia nguvu ya jua kuvunja maji. Haidrojeni ya maji hayo huunganishwa na kabonidioksaidi iliyoingia kwenye vitundu vya jani, ikawa sukari. Oksijeni ya maji hubaki haina kazi, ikatolewa nje. Wanasayansi Samuel Ruben na Martin Kamen walilionyesha hilo Marekani mwaka 1941, kwa kutumia maji yenye oksijeni nzito inayoweza kufuatiliwa. Kwa hiyo ugali na pumzi vyote hutokana na tendo moja la jani. Natamani tungelifundisha hivyo, badala ya kuweka chakula kwenye mada moja na hewa kwenye nyingine.

Mwilini tendo hilo hurudi kinyume. Tunairudishia sukari oksijeni yake, tunapata nguvu, na tunatoa maji na kabonidioksaidi. Ng'ombe wa shangazi hufanya vilevile na matete, ingawa nyuzi za matete hayo hawezi kuzivunja mwenyewe; vijidudu vya tumboni ndivyo humfanyia. Hata usipa wa Ziwa Nyasa tunaowala kwa ugali hula vijidudu vinavyoelea, navyo vimekula vijimea visivyoonekana kwa macho.

Sasa fikiria: kama kila sukari iliyotengenezwa italiwa, itaoza au itaungua, oksijeni yote iliyotolewa nayo itatumika tena. Ingia msitu wa Rungwe uangalie gogo lililoanguka. Kuvu na wadudu wanalila polepole, na wanapumua. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitoa. Ile asilimia 21 iliyoko hewani ni akiba ya mabaki ya viumbe vya kijani yaliyozikwa kabla hayajaliwa wala kuoza, kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Makaa ya mawe ya Kiwira ni sehemu ya mabaki hayo: mimea iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Likinipita lori la makaa hayo, huwa nawaza kwamba oksijeni iliyotolewa na mimea ile ilibaki huku juu, tunaivuta.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema tukikata msitu tutakosa pumzi. Akiba ya hewa ni kubwa mno. Kinachowahi kwisha ni chakula na maji. Kipunji, kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, anaishi kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone na kipande kidogo cha Udzungwa, hakuna kwingine duniani. Anakula majani, matunda, maua na magome. Msitu ukiondoka, kipunji atakufa njaa huku mapafu yake yamejaa oksijeni. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Usiku ule maua yalilala ndani, jiko likabaki nje, watoto wakaongezewa blanketi. Kabla ya kulala waliimulika chupa kwa tochi wasione kipovu hata kimoja. Asubuhi, jua lilipogusa dirisha, yule mdogo akaja mbio kuniita: vimeanza tena.