Viungo Vinamuuma Mtoto: Damu Ipimwe Kabla ya Vidonge

Saratani ya damu inaumizaje viungo?

Saratani ya damu, au lukemia, huanzia kwenye uboho, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa, ambako chembe changa huzaliana kupita kiasi mpaka zikaubana mfupa kutoka ndani. Kwa watoto, hasa wa miaka 2 hadi 5, maumivu ya goti, kifundo cha mguu au nyonga yanaweza kutangulia dalili nyingine zote.

Je, si maumivu ya kukua tu?

Mara nyingi chanzo si saratani. Lakini maumivu ya kukua hayamfanyi mtoto achechemee mchana wala akatae kutembea. Anayeamka usiku akilia mguu, aliyepauka viganja na ndani ya kope, mwenye homa zinazorudi, fizi zinazotoka damu au mavilio ya damu ilhali hakuanguka, apimwe damu siku hiyo hiyo.

Tulinunua vidonge dukani akapata nafuu. Bado aende hospitali?

Aende, na aende leo. Nafuu hiyo ndiyo inayotutia hofu. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za kundi la steroidi, vile vidonge vidogo mnavyofungiwa kwenye karatasi isiyo na jina, ni miongoni mwa dawa za kutibu lukemia yenyewe: huua sehemu ya chembe za saratani, uvimbe hushuka, homa hukata, na hata vipimo huweza kudanganya, kisha baada ya muda ugonjwa hurudi, nasi tumeshachelewa. Nafuu ya vidonge hivyo si kupona. Tafadhali, msimpe mtoto kabla damu haijapimwa, hata kama jirani anavisifu. Na kama ameshavimeza, mwambieni daktari ni vidonge gani na tangu lini, bila kuogopa kugombezwa.

Na kuchuliwa, au sindano ya maumivu?

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa zimepungua, kuchua kwa nguvu, kuchanja na sindano ya makalioni vinaweza kuvujisha damu ndani ya nyama. Acheni.

Apimwe nini?

Kipimo cha picha kamili ya damu, kinachohesabu chembe zake, na damu iangaliwe kwa hadubini. Chembe nyeupe zinaweza kuwa nyingi, chache au za kawaida, kwa hiyo jibu zuri la kwanza halitoshi iwapo maumivu yanaendelea: kipimo kirudiwe, na ombeni rufaa ili uboho uchunguzwe kabla ya mtu yeyote kuandika steroidi. Kwa Tanzania, matibabu ya lukemia yapo katika hospitali za Muhimbili (Dar es Salaam), Bugando (Mwanza) na KCMC (Moshi). Kwa Kenya, yapo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya rufaa ya Moi, Eldoret.