Filta haiibani pikipiki, mchanga ndio unaoiua

Juzi kijana mmoja aliniletea pikipiki ya Honda XR 250 inayotoa moshi wa buluu, kiki yake nyepesi mpaka unaisukuma kwa mkono. Alitaka kabureta kubwa na ekzosi mpya kwa sababu pikipiki "imepoteza nguvu". Nikafungua boksi la filta ya hewa: tupu. "Niliitoa, fundi, ili ipumue."

Maneno hayo nayasikia Malindi kila siku, na yananiuma kwa sababu kila mara silinda huwa imeshakwisha. Nilichukua kitambaa cheupe nikafuta ndani ya mpira unaoingia kwenye kabureta. Kikatoka chekundu, na ukisugua kwa vidole unasikia chembe zikikwaruza. Nilipoinua silinda, michirizi ilishuka wima toka juu hadi chini, ukipitisha ukucha unakwama. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika.

Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha slivu, yaani ukuta wa ndani wa silinda. Ikiingia na hewa, inanasa kwenye ringi na kupanda na kushuka nayo maelfu ya mara kwa dakika. Njia ya Marafa vumbi lake ni laini kama unga, na ukipita kwenye matuta ya Mambrui nyuma ya mwenzako unakula mchanga wake wote. Huko ndiko watu wanakoendesha bila filta!

Na nguvu yenyewe haiongezeki. Kiwandani jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, zilipimwa filta ikiwa mahali pake. Ukiitoa, hewa inazidi petroli, plagi inageuka nyeupe, injini inachemka. Sauti ya kuvuta hewa inakuwa kubwa, mwendeshaji anadhani ni nguvu.

Wengine hawaitoi, ila wanaipiga upepo wa kompresa na kuirudisha kavu. Filta yenyewe ni sponji, na sponji kavu hupitisha vumbi laini. Kinachokamata vumbi ni oili ya filta yenye kunata. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji na sabuni, uikamue kwa viganja bila kuisokota. Petroli usitumie, inayeyusha gundi ya maungio. Ikauke kivulini mpaka ndani, uipake oili ienee kila mahali, ukamue iliyozidi, kisha grisi kidogo kwenye ukingo unaokaa kwenye boksi, maana pale mchanga hupita pembeni hata filta ikiwa safi. Mimi kila mteja namwambia anunue mbili: moja ndani, ya pili imeshapakwa oili na kufungwa kwenye mfuko. Ukirudi mchangani unabadilisha siku hiyo hiyo. Bei yake hailingani hata kidogo na pistoni mpya na kupeleka silinda Mombasa kuchongwa.

Kuna na mengine ninayoulizwa. Sproketi kubwa ya nyuma, ile ya meno inayovutwa na cheni, inaongeza nguvu? Inaongeza mvuto, na spidi ya mwisho inapungua. Injini ni ile ile. Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu au manne nyuma, kwa hiyo anza mbele, ni rahisi. Na cheni mpya usiifunge juu ya meno yaliyochongoka. Cheni na sproketi zote mbili vibadilishwe pamoja.

Wengine wanatia oili ya gari kwenye injini ya foristroku. Ni kosa: klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi inateleza. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za pikipiki.

Kujaza tairi hadi liwe gumu kama jiwe ili lisipasuke ni kosa huku kwetu. Mchangani tairi gumu linajizika. Mimi hushusha upepo mpaka psi 12 hivi, na nikitoka kwenye lami sirudi mchangani bila kupima.

Halafu chumvi. Ukitoka ufukweni osha kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, lakini pampu ya presha iweke mbali na beringi za magurudumu na za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu: maji yanasukuma grisi nje na chumvi inaingia mahali pake. Yule kijana wa XR beringi zake za mkono wa nyuma nilizitoa kwa nyundo, zilikuwa kutu tupu.