Kujiuzulu si kukiri kosa: Lowassa, Richmond na maneno ya kijiweni

Wiki iliyopita katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya kahawa alikaa ofisini kwangu hapa Mbeya mjini, akakataa katakata kusaini barua ya kujiuzulu. Mahesabu yamekorogeka, wanachama wamechachamaa, yeye ananiambia: "Wakili, nikijiuzulu nimekiri wizi. Umesahau yaliyomkuta Lowassa?" Sijasahau. Ila hoja hiyo nimeisikia hadi masikio yamechoka.

Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 7, 2008, baada ya Dkt. Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa Kyela, kuwasilisha bungeni ripoti ya Kamati Teule ya Bunge kuhusu Richmond. Hiyo ndiyo kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100, na kamati ikasema haikuwa na ubavu wa kuutekeleza. Kamati teule si mahakama. Haikumsomea mtu mashtaka wala haikutoa hukumu, na Lowassa mwenyewe alilalamika mbele ya wabunge kwamba haikumhoji. Aliondoka huku akikana. Hadi anafariki Februari 2024 hakuwahi kushtakiwa kwa jambo hilo.

Hapo wanaomtetea nao wanadaka: "Basi alisafishwa!" Alisafishwa na nani? Asiyeshtakiwa hakuhukumiwa, na wala hakuachiwa huru, maana kesi haikuwapo. Jinai inadai ushahidi usioacha shaka ya msingi, wakati cheo kinasimama kwa imani tu, na imani inaweza kuisha hata kama hukugusa senti. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya 1970 kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa Shinyanga, ambavyo hakuvisababisha yeye. Mwaka 1985 akawa rais. Lowassa naye aligombea urais 2015 akapata kura zaidi ya milioni 6. Kama barua ile ingekuwa kukiri wizi, jina lake lingefikaje kwenye karatasi ya kura?

Kinachowaponza wateja wangu ni maneno yanayoandikwa ndani ya barua, kujiuzulu kwenyewe hakuna shida. Mtu anajaza kurasa nne za maelezo, anaomba radhi, anamtaja mhasibu, kisha anashangaa ukurasa wa tatu unasomwa mahakamani. Mistari mitatu inatosha: cheo, tarehe, najiuzulu. Na msinije kuniuliza kama barua inafuta kesi. Haifuti.

Mengine nitayapitia haraka, maana nina faili mezani.

Eti Bunge lilimfukuza Lowassa. Bunge likitaka kumng'oa Waziri Mkuu lina njia yake, kura ya kutokuwa na imani chini ya Ibara ya 53A ya Katiba. Kura hiyo haikupigwa.

Eti Rais Kikwete alivunja baraza kwa hasira. Someni Ibara ya 57: Waziri Mkuu akijiuzulu, viti vya mawaziri vyote vinakuwa wazi. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha waliandika barua zao za kujiuzulu, lakini hata wasingeandika wangetoka tu. Mizengo Pinda aliteuliwa kesho yake.

Eti Richmond ndiyo iliyotuletea mgawo wa umeme. Mgawo ulitangulia, Richmond ikaja kama dawa yake. Ukame ulikausha bwawa la Mtera, pale Iringa inapopakana na Dodoma, na maji ya Mtera kwa sehemu kubwa yanatoka huku kwetu, bonde la Usangu, kupitia Ruaha Mkuu. Ndiyo maana mwaka 2006 wafugaji wa Ihefu, Mbarali, waliambiwa ng'ombe wao wanamaliza maji ya umeme, wakaswagwa na mifugo yao hadi mikoa mingine. Kijiweni Mwanjelwa kila mtu ni bingwa wa Richmond, lakini hao wafugaji sijasikia mtu akiwataja.