Kunyonya mafuta si tiba ya unene

Wengi wanaamini kuwa operesheni ya kunyonya mafuta hupunguza unene na kumkinga mtu na kisukari. Sivyo. Mrija wa daktari hufikia mafuta ya chini ya ngozi tu. Yale yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo hatari zaidi, hubaki palepale. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliripoti vipimo vya wanawake 15 wanene waliotolewa takriban kilo 10 za mafuta: wiki 10 hadi 12 baadaye, shinikizo la damu na mwitikio wa mwili kwa insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) havikuwa vimebadilika. Naona kila mgonjwa anastahili kuambiwa hili kabla ya kulipa. Upasuaji huu hurekebisha umbo, hasa mapaja au kiuno kisichosikia mazoezi. Na seli za mafuta zilizobaki hutanuka mtu akila kupita kiasi.