Je, wajua? Hamira ya maandazi huweza kuonyesha protini zipi zinashikana

Ukipita mitaa ya Tabora alfajiri, makarai ya mafuta yameshabandikwa na maandazi yanageuzwa. Unga uliokandwa jana jioni umeumuka, na aliyeuumua ni kiumbe hai: fangasi wa seli moja, jina lake la kitaalamu Saccharomyces cerevisiae. Huyo huyo, akiwa maabara, hujibu swali ambalo hadubini ya kawaida haiwezi kulijibu: je, protini hii inaishika ile?

Swali hili ni zito. Vimelea vya malaria huingia kwenye chembe nyekundu za damu kwa sababu protini zao hushikana na protini zilizo juu ya chembe hizo. Anayetaka kuvizuia hana budi kujua nani anamshika nani.

Mwaka 1989, Stanley Fields na Ok-kyu Song, wakiwa Stony Brook, jimbo la New York, Marekani, walieleza mbinu yao. Walianza na Gal4, protini ya hamira inayowasha jeni za kutumia sukari ya galaktosi. Gal4 ina sehemu mbili. Moja hushika DNA mahali pake maalumu. Nyingine huita mitambo inayosoma jeni. Zitenganishe, na jeni hubaki imezimwa. Lakini, na hapa ndipo uzuri wote ulipo, si lazima zirudi kuwa kitu kimoja. Zikikaribiana tu, jeni inawaka.

Fikiria stesheni ya Tabora, pale reli inapoachana, moja Kigoma, nyingine Mwanza. Behewa lipo relini, kichwa cha treni kinanguruma, ila visipounganishwa behewa halitoki. Watafiti huzifanya protini mbili wanazozichunguza kuwa viungio. Ya kwanza, yaani chambo, hubandikwa kwenye sehemu inayoshika DNA. Ya pili, windo, hubandikwa kwenye sehemu yenye nguvu. Viungio vikikamatana, safari inaanza.

Utajuaje kwamba imeanza? Hutumika hamira isiyoweza kujitengenezea histidini, asidi amino ambayo bila hiyo haikui, mpaka jeni husika iwashwe. Kisha inawekwa kwenye chakula kisicho na histidini hata chembe, katika nyuzijoto 30. Protini zisiposhikana, sahani hubaki tupu. Zikishikana, baada ya siku chache unaona madoa meupe yameota. Hamira imejibu kwa uhai wake mwenyewe, na jibu hilo unaliona kwa macho. (Jaribio la mwanzo lilitumia jeni ya bakteria iitwayo lacZ, ambayo huweza kuipa hamira rangi ya bluu.)

Tena hamira ina jinsia mbili. Moja ikibeba chambo na nyingine windo, huchanganywa zikajamiiana, na maelfu ya jozi hupimwa kwa pamoja. Ndivyo ilivyofanyika kwamba mwaka 2005 kundi lililomjumuisha Fields lilitoa ramani ya mishikano 2,846 ya protini za Plasmodium falciparum, kimelea kikuu cha malaria huku kwetu.

Si kila doa ni la kuaminiwa. Zipo protini zinazonata kwa kila kitu, na zipo chambo zinazowasha jeni bila windo lolote. Nyingine hukutanishwa ndani ya kiini cha hamira ilhali mwilini kila moja hukaa sehemu yake, hazionani kamwe. Kwa hiyo jozi iliyopatikana hupimwa upya kwa njia nyingine, nje ya hamira.